Gamba la Kobe si Vazi

Huenda walimu wenzangu wakastaajabu kumwona mwalimu wa lugha akijitosa katika habari za kobe, ilhali kurasa hizi zimezoea kupokea makala juu ya ngeli, methali na usahihishaji wa insha. Udhuru wangu ni mmoja tu. Nimekaa na kobe nyumbani kwa muda wa miaka 13 sasa, na katika muda huo nimetambua kwamba madhara mengi yanayompata mnyama huyu mikononi mwa wanadamu huanzia katika maneno. Twalisema gamba lake visivyo, na kwa kuwa twalisema visivyo, twalifikiria visivyo; kisha siku moja kobe huwekwa juu ya meza, huanguka, na watu hushangaa kuona damu.

Jambo hili lilinidhihirikia darasani kabla ya kunidhihirikia barazani. Mwaka 2023 niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, hapa mashariki ya Uganda, insha yenye kichwa "Mnyama Nimpendaye". Mmoja wao, mtoto mwenye hati nzuri na bidii isiyo na makelele, aliandika: "Kobe haogopi kuanguka kwa sababu amevaa nyumba yake." Mwalimu anayewafundisha Kiswahili watoto ambao nyumbani kwao husema Lugisu, Ateso au Luganda hufurahi anapokutana na sentensi kama hiyo. Upatanisho wa ngeli ni sawa, kitenzi kimekanushwa barabara, kiunganishi kimekaa mahali pake, na tamathali ya usemi imo ndani yake pasipo kulazimishwa. Kwa upande wa lugha nilimpa alama zote. Hata hivyo kalamu ilisita, kwa maana sentensi hiyo njema ilikuwa ya uongo, na uongo wenyewe ni wa namna inayoweza kuua.

Siku ya kurudisha madaftari nililiuliza darasa zima: je, kobe akiguswa mgongoni huhisi? Mikono iliyoinuka kusema ndiyo haikufika kumi katika darasa la watoto 64. Mmoja alisema gamba ni kama kiatu. Mwingine alisema ni kama kofia ngumu ya mwendesha pikipiki. Wa tatu akauliza, kwa heshima na taadhima, kama ni kweli kwamba kobe hutoka ndani ya gamba lake usiku akaoga, kisha akarudi. Wenzake walimcheka, lakini hao waliocheka nao hawakuwa na jibu.

Tusiwalaumu. Tulitazame kwanza neno lenyewe. Samaki ana magamba, nayo huparwa kwa kisu kabla hajakaangwa. Nyoka hujivua gamba, akaliacha kichakani akaenda zake akiwa mpya. Na mwaka 2011 siasa za Tanzania ziliuchukua msemo huo wa kujivua gamba, ukavuma hata ukavuka mipaka na kufika katika redio zetu. Kisha neno lilo hilo twamvika kobe. Mtoto anayejifunza lugha akisikia neno moja likitumika kwa vitu vitatu, ana haki ya kudhani kwamba vitu hivyo vitatu ni ndugu. Vitendawili navyo huchangia, maana humfananisha kobe na mtu atembeaye na nyumba yake, na darasani jibu la konokono hupokewa sawasawa na jibu la kobe. Nyumba ni kitu unachoingia na kutoka. Nyumba ikipata ufa, mwenyewe huita fundi.

Halafu ipo ile hadithi. Nani kati yetu hajaisimulia? Kobe aliazimwa manyoya na ndege, akaenda nao karamuni mbinguni, akala kwa ujanja sehemu isiyokuwa yake, ndege wakamnyang'anya manyoya yao, akaanguka, gamba likavunjika vipande vipande, na vipande hivyo vikakusanywa vikaunganishwa. Ndiyo maana mgongo wake una mistari hadi leo. Hadithi hii ina sura nyingi katika Afrika. Chinua Achebe aliitia katika riwaya yake ya mwaka 1958, ile ambayo sisi twaijua kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mimi naipenda, na naendelea kuisimulia. Lakini tazama mtoto anavyoondoka nayo. Waliotunga hadithi walijua vema kwamba kobe akianguka huvunjika. Hicho ndicho kiini chake. Mtoto husahau kuvunjika akakumbuka kuunganishwa.

Ukweli ni huu: gamba la kobe ni mifupa. Lile la juu limefanyika kwa mbavu zake na uti wa mgongo wake, ambavyo vimepanuka na kushikana na mifupa mingine iliyoota ngozini hata vikawa kuba moja. Lile la chini, lilindalo tumbo, nalo ni mifupa iliyoshonana. Kwa jumla ni mifupa zaidi ya 50. Juu yake pametandazwa vipande vyembamba vya keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha zetu na pembe za ng'ombe, na hivyo ndivyo vipande vyenye mabaka na mistari tunavyoviona. Chini ya vipande hivyo mna ngozi hai, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kumvua kobe gamba, basi, ni kumng'oa mbavu na uti wa mgongo kwa pamoja.

Liko jambo jingine ambalo aghalabu watu hawalijui. Mapafu ya kobe yamelala juu, moja kwa moja chini ya kuba ile, wala hana kiwambo cha misuli kama chetu kinachotenga kifua na tumbo. Kwa hiyo ufa wa gamba la juu haufanani na ufa wa ukuta. Waweza kuwa mlango unaofika mapafuni. Na kobe aliyepinduka chali, viungo vya tumbo lake huyalemea mapafu hayo, na akiachwa hivyo katika jua kali huweza kufa kabla mtu hajagundua kwamba hajaonekana.

Tai walijua haya kabla yetu. Huko kusini mashariki ya Ulaya wako tai wakubwa wa milimani ambao humnyanyua kobe, wakapaa naye juu sana, kisha wakamwachia aanguke juu ya mawe apasuke, wakashuka kumla. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Aeschylus, mtunzi wao mkuu wa tamthilia, alikufa mwaka 456 K.K. kwa kuangukiwa kichwani na kobe aliyeachiwa namna hiyo. Kisa hicho sina haja ya kukitetea. Mwenendo wa tai, lakini, si kisa cha kubuni.

Sasa nimtaje kobe wangu mwenyewe. Nilimrithi kwa mjomba wangu, aliyefanya kazi miaka mingi huko Karamoja, akastaafu na kurudi na masanduku mawili ya vitabu pamoja na kobe mmoja. Ni wa jamii ile kubwa yenye mabaka kama ya chui, ambayo imeenea kutoka pembe ya Afrika hadi kusini kabisa mwa bara hili. Mjomba alipofariki niliwaandikia wenye mamlaka ya wanyamapori, nao wakaja wakamwona, wakaniruhusu kwa maandishi niendelee kumtunza kwa masharti. Nayasema haya mapema ili asije mwalimu akaisoma makala hii, kisha akashika njia kwenda porini kuokota kobe. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973, na yule kobe bapa aishiye katika nyufa za majabali ya Kenya na Tanzania aliongezewa ulinzi mkali zaidi mwaka 2019. Nchi zetu nazo zina sheria zake. Wa porini na aachwe porini.

Watoto walimwita Mkaguzi, kwa kuwa hutembea taratibu, akanyoosha shingo, akachungulia kila mlango, kisha akaenda zake pasipo kuaga. Ana urefu wa sentimita 41 na uzito wa kilo 12. Baada ya mjadala ule wa darasani niliwaalika wanafunzi waje kumwona, kwa makundi, baada ya vipindi. Yule mwandishi wa sentensi yangu alipewa brashi ya kufulia nguo akamsugua mgongoni polepole. Mkaguzi alisimama, akanyoosha miguu ya nyuma, akaanza kuyumba huku na huku chini ya brashi kama mtu anayekunwa mahali asipopafikia mwenyewe. Mtoto aliondoa mkono upesi kana kwamba ameungua. "Mwalimu," akasema, "anajua kwamba niko hapa!" Somo la siku ile sikuliongezea neno.

Watu hudhani pia kwamba kobe ni mnyama wa chini, asiyepanda. Ajabu ya dhana hii ni kwamba kila mfuga kobe anajua kinyume chake. Kobe hupanda. Hupanda ngazi, hupanda rundo la matofali, hupanda mgongo wa kobe mwenzake, na hasa hupanda pembeni, mahali kuta mbili zinapokutana, maana hapo hupata pa kuegemea kwa miguu yote miwili ya mbele. Kupanda anakujua, kushuka hakujui. Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Yerkes, alichapisha uchunguzi wake juu ya jinsi wanyama wa jamii hii wanavyotambua kimo: wale wa majini walijitupa ukingoni bila kusita, na wale wa nchi kavu walisitasita. Nami nimemwona Mkaguzi akisita ukingoni mwa baraza, kichwa kikining'inia, kama mtu asomaye tangazo. Lakini kusita si kuacha. Saruji laini iliyomwagiwa maji, mbwa anayebweka nyuma yake, harufu ya embe lililoanguka uani: kimojawapo chatosha kumwongezea hatua moja iliyozidi.

Jirani yetu wa nyumba ya pili ni muuguzi mstaafu, mama mwenye heshima zake, ambaye mimi humwita Mama na yeye huniita Mwalimu. Mjukuu wake alikuwa ameokota kobe mdogo barabarani, wa jamii ile ambayo sehemu ya nyuma ya gamba lake hujifunga kama mlango wenye bawaba. Mama alimwonea huruma yule kiumbe, akamweka katika karai juu ya meza ya barazani ili mbwa wasimfikie. Meza ile ina kimo cha sentimita 75 hivi, na chini yake ni saruji tupu. Alipandishwa juu kwa ajili ya usalama, na hatari ilikuwa huko huko juu. Jumapili moja mchana aliparamia ukingo wa karai, karai likainama, wakaanguka wote wawili.

Nilipoitwa nilimkuta Mama ameketi mkekani, kobe amelazwa juu ya kanga iliyokunjwa. Ufa ulianzia karibu na shingo ukashuka ubavuni, urefu wake kama wa kidole cha mtu mzima, na kila alipovuta pumzi povu jekundu liliingia na kutoka katika ufa ule.

"Mwalimu," akasema, "gamba limepasuka kidogo. Nimemtuma kijana dukani akanunue gundi."

"Mama, gundi tuiache kwanza."

"Mbona katika hadithi waliunganisha akapona?"

Nikamwambia, "Mama, wewe umekaa wodini miaka mingi. Alipoletwa mtu aliyevunjika ubavu, ubavu ukatoboa pafu, mlimtia gundi?"

Hakunijibu. Aliinama akalitazama lile povu kwa macho mengine, macho ya kazi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hili ni pafu." Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na mimi nikawa mwanafunzi wa kutumwa. Alinikataza kumwagia maji juu ya ufa, kwa maana maji yangeshuka ndani. Alifunika jeraha kwa shashi safi pasipo kulikandamiza, akatandika kitambaa katika boksi, akamweka kobe humo wima juu ya miguu yake, akafunika boksi kwa kipande cha chandarua. Nilipouliza chandarua ni cha nini, alinitazama kama nilivyozoea kuwatazama wanafunzi wasiosoma maswali. Nzi, bila shaka. Katika nchi zetu za joto nzi huweza kutaga mayai katika jeraha kabla jua halijatua, na funza wakishaingia chini ya gamba kazi huwa nzito mara mbili.

Daktari wa mifugo alipatikana jioni. Alisafisha kingo za ufa, akamchoma kobe sindano ya dawa ya kuua vijidudu, tena akamchoma katika mguu wa mbele, akaufunga ufa kwa bendeji ya kubadilishwa. Hakuuziba. Alieleza kwamba kuufunika kwa gundi ufa wenye uchafu ni kufungia maradhi ndani ya nyumba na kutupa ufunguo, na kwamba mfupa wa kobe, kama mambo yake yote, hupona taratibu: miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Alimtaka Mama pia atoe taarifa ya kobe yule kwa wahusika, naye akatoa.

Siku 16 zilipita kobe asile. Mama alifungua daftari kama la wodini, akaandika kila asubuhi uzito, pumzi, na kama amekunywa. Mimi nilipita kila jioni, na kwa kweli nilikuwa nikipita kama mtu anayekwenda kuhani msiba ambao haujatokea. Siku ya 17 alikula jani la mchicha. Leo yu hai, na ufa umejaa mfupa mpya mweupe ambao haukurudisha mabaka ya zamani. Akishtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu husikika mluzi mwembamba ubavuni mwake. Wenye mamlaka walimwacha kwa Mama kwa sababu hawezi tena kurudi porini. Anaishi sakafuni.

Kwa kuwa jambo la baraza ndilo lililo kubwa, nitalikalia kidogo. Nyumba zetu nyingi za walimu zimeinuliwa juu ya msingi, zikiwa na ngazi tatu au nne na ukingo usio na kizuizi, kwa maana waliozichora walifikiria mvua, hawakumfikiria kobe. Dawa yake si ghali. Fundi aliniwekea safu za matofali ukingoni, zikamzidi Mkaguzi kimo hata akisimama kwa miguu ya nyuma. Kanuni niliyoifuata ni kwamba kizuizi kiwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa kobe mwenyewe. Mbele ya ngazi tuliweka ubao wa kuzuia. Upande wa uani tulijenga mteremko wa saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio ili kucha zishike, mpana kiasi cha yeye kugeuka juu yake. Uzio wake wa uani ni wa mabanzi yaliyosongamana asiyoweza kuona ng'ambo. Nilipokuwa nimeweka wavu wa kuku katika sehemu moja, kwa kuwa wavu ndio uliokuwapo, alishinda akiusukuma na kuupanda, maana kobe akikiona kitu upande wa pili haamini kwamba njia imefungwa. Pembe za uzio tulizizungusha zikawa mviringo. Mawe yaliyopangwa kwa urembo tuliyaondoa yote. Jiwe bapa moja lililozikwa nusu latosha kumpa mahali pa kuota jua.

Hatari nyingine hazihitaji maneno mengi. Shimo la takataka na la choo kinachochimbwa lifunikwe. Chombo cha maji kiwe kina kifupi kisichofika kidevuni, maana kobe wa nchi kavu haogelei. Akitumbukia katika karai la kufulia huzama kimya. Gari na pikipiki zisirudishwe nyuma kabla mtu hajachungulia chini yake. Mbwa, hata yule mpole wa nyumbani, akiachwa peke yake na kobe humtafuna kama mfupa, na kwa hakika mfupa ndio anaotafuna. Siafu wakipita usiku kobe ahamishwe kwanza, watu baadaye. Na kabla ya kuchoma rundo la majani makavu, lipinduliwe lote kwa mikono, kwa sababu hapo ndipo apendapo kulala.

Kuna desturi moja ambayo sitaipita upesi. Baadhi ya watu hutoboa tundu ukingoni mwa gamba, wakapitisha kamba au waya, wakamfunga kobe kama mbuzi. Nimeionea kwa macho yangu katika nyumba ya msomi. Mwenyewe alinieleza kwamba ni kama kutoboa kucha. La. Ni kutoboa mfupa ulio hai bila ganzi, na kamba ile ikikwama, kobe hujivuta mpaka ukingo ukavunjika, au huzungushwa akapinduka chali mahali pasipo na mtu. Rangi ya mafuta mgongoni nayo iachwe, hata kama ni siku ya sherehe.

Na kobe mchanga ni habari mbali kabisa. Gamba la kobe aliyeanguliwa karibuni halijakomaa. Ukilibonyeza kidogo huitika. Hukomaa kwa jua halisi la asubuhi, lisilopita katika kioo, na kwa chakula chenye kalsiamu, yaani nyasi na majani ya aina nyingi. Kobe aliyelelewa ndani ya chumba kwa ugali, mkate na nyanya hukua na gamba laini lililopinda, na kuanguka ambako kungemwacha mwenzake na mkwaruzo humwacha yeye na mvunjiko.

Waangushaji wakuu wa kobe ni watoto, na si kwa ukorofi. Mtoto humwinua ili amwone uso. Kobe hushtuka, hufoka pumzi, hupiga miguu hewani, na mara nyingi hukojoa. Mtoto naye hushtuka akaachia. Hapa mwalimu wa lugha ana kazi yake maalumu. Tunavyo vitenzi vingi vizuri, navyo hufaa kufundishwa kwa mnyama aliyepo kuliko kwa mnyama wa ubaoni: kuinua, kubeba, kupakata, kutua, kuweka, kuachia, kutupa. Nimefanya zoezi la kuwaambia wanafunzi watofautishe kutua na kutupa kwa kutumia tofali lililofungwa kitambaa, kabla hawajaruhusiwa kumkaribia Mkaguzi. Kanuni ya nyumbani kwetu ni moja: mtoto haminui kobe, huketi chini, na kobe humjia. Mtu mzima anayelazimika kumhamisha humshika kwa mikono miwili ubavuni, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, vidole vikiwa chini ya tumbo, akambeba wima, chini chini, karibu na ardhi, wala hamgeuzi chali.

Ikiwa ameanguka pamoja na hadhari zote hizo, mambo ya kutazama ni haya: damu puani, mdomoni au chini ya mkia, kupumua kwa mdomo wazi, miguu ya nyuma inayoburuta, kukataa chakula. Kobe halii kwa sauti ya kumwita mtu, na gamba lisilo na ufa si ushahidi kwamba ndani ni salama, maana viungo huweza kuumia ndani ya kuba isiyopasuka. Awekwe mahali pakavu, safi, penye joto la wastani, atazamwe kwa siku kadhaa, na akionyesha dalili mojawapo apelekwe kwa daktari siku iyo hiyo. Mafuta, majivu, asali, dawa za meno na gundi vikae mbali naye.

Nimebakiwa na shida moja, nayo ni ya kilugha, ndiyo maana nimeileta hapa badala ya kuipeleka kwa daktari wa mifugo. Ninapowafundisha watoto mambo haya, sina maneno yaliyokubaliwa ya kutenganisha sehemu tatu ambazo sote twazibwaga ndani ya neno gamba. Kwa mfupa wa juu nimekuwa nikisema kuba. Kwa ule wa tumboni, ngao. Na kwa vile vipande vya keratini, vigae, neno nililopewa na fundi wangu alipokuwa akipanga matofali barazani. Wanafunzi wameyapokea, lakini wanafunzi hupokea kila kitu kabla ya mtihani. Ikiwa mwalimu mwenzangu wa Bujumbura, Goma, Kigali, Lamu au Pemba amewahi kusikia wazee, wavuvi au wachongaji wa kwao wakizitaja sehemu hizo kwa majina yao wenyewe, iwe kwa kobe, kwa kasa au kwa ng'amba, namwomba ayaandike pamoja na mahali alipoyasikia na umri wa aliyeyasema, ayapeleke kwa mhariri.